Rangi Nyuma ya Dramu: Namna ya Kuikinga Bekpleti na Kutu

Kila alfajiri pale Soko la Samaki la Feri, Magogoni, bajaji na guta hupakia matenga na maboksi ya samaki yaliyojazwa barafu, kisha hutawanyika: hizi zinakwenda Temeke na Mbagala, zile Mwananyamala, Tandale na Manzese. Njia nzima barafu inayeyuka. Maji yake, yenye chumvi na majimaji ya samaki, hupenya kwenye sakafu na kudondokea magurudumu ya nyuma. Dereva akimaliza kushusha mzigo huosha sakafu ili harufu iishe. Kilichoko nyuma ya gurudumu hakiguswi na mtu mpaka siku breki itakapogoma.

Ninachokisema ni bekpleti: lile bamba la chuma lililofungwa mwisho wa ekseli, ambalo dramu hulifunika kwa mbele, na ambalo limebeba shuu, springi, wili silinda na mwisho wa waya wa hendibreki. Wapo wanaodhani kazi yake ni kuzuia vumbi tu. Kuzuia vumbi ni kazi yake ndogo. Unapokanyaga breki, shuu hutanuka na kuing'ang'ania dramu inayozunguka, na dramu nayo hutaka kuondoka nazo. Kinachozishikilia zisizunguke ni bekpleti. Nguvu yote ya kusimamisha gurudumu hupita humo kabla ya kufika kwenye ekseli. Bamba likiliwa na kutu mpaka matundu ya bolti yakatanuka au ukingo ukapasuka, shuu hukaa upande, hendibreki haivuti sawasawa, na gurudumu moja hushika kabla ya jingine. Mwenye gari atabadilisha shuu mara mbili, mara tatu, na ugonjwa utabaki palepale.

Ili chuma kishike kutu kinahitaji maji na hewa, na Dar es Salaam vyote viwili ni vya bure mwaka mzima. Chumvi inauharakisha ulaji huo kwa njia mbili. Kwanza huyafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi zaidi, na kutu kwa asili yake ni kazi ya umeme mdogo unaopita juu ya uso wa chuma. Pili, chumvi hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo bamba lililopata chumvi hubaki limelowana hata siku ambayo haijanyesha. Magari yanayolala Msasani, Kunduchi, Bunju na Kigamboni hupulizwa na upepo wa bahari usiku na mchana. Yanayovuka Magogoni kwa pantoni hupata matone ya bahari kabisa. Na ingawa Daraja la Nyerere la kwenda Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016, wako wengi ambao njia yao ya kila siku bado ni pantoni.

Kisha kuna maji ya kuoshea magari, na hili watu hawalifikirii. Visima vingi vya ukanda huu vina maji ya chumvi, na vijana wengi wanaoosha magari mitaani wanategemea visima hivyo. Gari linang'aa kwa nje, lakini ndani ya rimu limeachiwa tabaka jipya la chumvi. Ongeza na historia ya gari lenyewe: lililotumika Hokkaido au mikoa mingine ya kaskazini mwa Japani limepita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi majira ya baridi ili barafu iyeyuke. Gari la namna hiyo hushuka bandarini likiwa na kutu chini, hata kama bodi yake inametameta.

Kwa hiyo rangi inafaa. Ni kinga ya bei ndogo, na mtu mwenye subira anaweza kuipaka mwenyewe nyumbani. Lakini kazi nyingi ninazoziona kwenye gereji zetu hazikingi kitu: fundi anapuliza rangi nyeusi au ya fedha juu ya kutu, juu ya grisi, juu ya vumbi la breki, na hata juu ya sehemu ambazo hazikutakiwa kuguswa na rangi kabisa. Kazi ya bekpleti inahukumiwa kwa mambo mawili: chuma kimesafishwa kiasi gani kabla ya rangi, na ni sehemu zipi zimeachwa bila rangi. Aina ya rangi inafuata baadaye.

Anza kwa kujua unashughulika na nini. Chukua sumaku ndogo uiguse kwenye bamba. Kwenye pikipiki nyingi za bodaboda bamba hili ni la alumini, na sumaku haitanata. Hilo halishiki kutu nyekundu. Linaweza kutoa unga mweupe, nao unaondoka kwa brashi na sabuni. Usihangaike kulipaka rangi. Muda wako utumie kutoa kile kijiti kinachotanua shuu, ukisafishe, ukipake grisi kidogo ya breki na ukirudishe, maana hicho ndicho kinachokwama kwenye pikipiki. Sumaku ikinata, ni chuma, na maelezo yanayofuata yanakuhusu, iwe ni bajaji, Vitz, Probox, Noah au Hiace ya daladala.

Piga kutu kwa ncha ya bisibisi, hasa kandokando ya bolti za wili silinda, kwenye ukingo wa nje na pale waya wa hendibreki unapoingilia. Kutu ya juu hubanduka na kuacha chuma kigumu kinacholia. Chuma kilichooza hutoa sauti butu, na bisibisi huzama. Hapo rangi haina kazi. Tafuta bekpleti nyingine Gerezani au Kariakoo, na usikubali kubandikiwa kiraka cha bati karibu na bolti, kwa sababu mzigo wa breki unapita hapohapo.

Wakati mzuri wa kazi hii ni kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, mvua za masika zikiwa zimekwisha na hewa ikiwa kavu kidogo. Kanuni wanayoifuata wapaka rangi wa vyuma viwandani ni kwamba unyevu wa hewa usizidi asilimia 85, na chuma kiwe na joto angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kutunga. Kwa lugha ya uani: usipake alfajiri, usipake jioni jua likizama, wala baada ya manyunyu. Anza saa nne asubuhi, bamba likiwa limeanikwa juani na limekauka.

Kuhusu kufungua, jambo la kwanza ni uhai wako. Weka vigingi kwenye magurudumu ya mbele, inua gari kwa jeki, kisha lilaze juu ya stendi za chuma. Tofali na jiwe havitoshi. Tofali la saruji hupasuka bila kutoa taarifa. Shusha hendibreki. Dramu ikigoma kutoka, usiitwange nyundo ukingoni. Dramu nyingi za Kijapani zina matundu mawili madogo yenye nyuzi. Ingiza bolti za milimita 8, zizungushe kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, nazo zitaisukuma dramu nje. Kama shuu zimechimba mfereji ndani ya dramu, legeza kwanza rekebisho la shuu kupitia tundu dogo lililoko nyuma ya bekpleti.

Fungua upande mmoja kwa wakati. Upande wa pili ukibaki mzima ndio utakaokuonyesha springi ipi inakaa wapi, na picha ya simu kabla ya kugusa chochote itasaidia pale kumbukumbu inapokwama. Nati ya bomba la breki ndiyo inayowatesa wengi kwa kuwa imeshikana na kutu. Ipake mafuta ya kulainisha kutu usiku wa kuamkia kazi, na tumia spana ya nati za bomba, ile inayoshika pande nyingi, ili usiiviringe. Ikiviringika utanunua bomba jipya.

Je, bekpleti itolewe kabisa? Kwenye gari nyingi ndogo za Toyota, habu imefungwa kwa bolti nne kupitia bekpleti, na zikifunguliwa bamba linatoka. Kwenye gari zenye ekseli nzima ya nyuma, kama Hiace, kulitoa ni kuchomoa ekseli, kugusa beringi na sili ya oili. Usifanye hivyo kwa ajili ya rangi tu. Acha bamba mahali pake, funika ekseli na sili kwa plastiki na utepe wa karatasi wenye gundi, ulisafishe hapohapo. Siku beringi itakapokufa ndipo utalitoa na kulifanyia kazi kamili.

Vumbi lililomo ndani ya dramu lisipulizwe kwa kompresa wala kwa mdomo. Shuu za zamani, na baadhi ya zile za bei ya chini zisizoeleweka zilikotoka, zinaweza kuwa na asbesto, na vumbi la asbesto likiingia mapafuni huleta saratani miaka mingi baadaye. Lilowanishe kwa maji ya sabuni, lifute kwa tambara, tambara litie kwenye mfuko na ufunge. Hili waambie na vijana wa gereji, maana wao ndio wanaolivuta kila siku. Grisi nayo iondoke kwa sabuni na maji ya moto kabla hujashika msasa. Ukisugua chuma chenye grisi unaipaka tu kila mahali. Wanaoosha vyuma kwa petroli wanacheza na moto, na mafusho yake yanaumiza kifua na kichwa.

Kutu nene iondoe kwa chuma cha kukwangulia na brashi ya waya, kisha msasa namba 80, ufuate na 120. Ukitumia grenda vaa miwani, maana nyuzi za brashi huruka. Mabaki yaliyojificha kwenye mikunjo na mashimo ndiyo magumu, na dawa yake iko dukani kwa Mpemba: ndimu ya unga, ileile wanayotia kwenye urojo. Koroga gramu 50 hadi 100 kwa kila lita ya maji ya uvuguvugu kwenye beseni la plastiki, zamisha bamba, uliache kwa saa kadhaa au usiku kucha kulingana na kutu. Asubuhi kutu imegeuka tope jeusi linaloondoka kwa brashi. Vaa glavu, na kamwe usichanganye na dawa ya kuondoa madoa ya aina ya Jik, kwa sababu asidi na dawa hiyo hutoa gesi ya sumu. Springi usizitie humo. Asidi huweza kukidhoofisha kile chuma chake kigumu, zikakatika ukiwa njiani. Springi zenye kutu hubadilishwa.

Ukitoa bamba kwenye ndimu, lisuuze kwa maji yenye magadi kidogo ili asidi ife, kisha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na ulikaushe papo hapo, kwa jua au hata juu ya jiko la mkaa kwa dakika chache. Kwa hali ya hewa yetu chuma kilichosafishwa asubuhi kikiachwa hivihivi, jioni kimeanza kuwa na rangi ya manjano. Kwa hiyo usisafishe leo na kupaka kesho. Ukisafisha, paka.

Rangi ya kwanza, praima, ndiyo yenye kazi. Bora zaidi ni ipoksi ya makopo mawili, ile inayochanganywa na kigumizi chake. Inashika chuma vizuri na inavumilia mafuta ya breki kuliko rangi za kawaida. Sifa hiyo ina maana kubwa, kwa kuwa mafuta ya DOT 3 na DOT 4, yanayotumika karibu kwenye magari yetu yote, huchuna rangi ya kawaida, na wili silinda ikianza kuvuja rangi inatoka kama ngozi. Ipoksi ina udhaifu mmoja, kwamba jua huifanya ichuje na kutoa unga, lakini nyuma ya gurudumu jua halifiki. Pakaa kwa brashi. Kazi ni ndogo, haihitaji kupuliza, na unapopuliza rangi za makopo mawili bila kinyago sahihi unajidhuru.

Asiye na uwezo wa ipoksi atumie redi oksaidi ya duka la vifaa vya ujenzi, mikono miwili, na juu yake rangi ya mafuta nyeusi mikono miwili. Asiiache redi oksaidi peke yake: inapitisha maji, na kutu itaanza chini yake. Na tafadhali usinunue rangi ya kuvumilia joto ya ekzosi. Wauzaji huisifu kwa breki, lakini rangi za namna hiyo nyingi huhitaji kuokwa kwa joto kali ndipo zikomae, na bekpleti haipati joto hilo. Dramu ndiyo inayochemka. Itabaki laini, na itachunika mapema.

Paka kingo na matundu kwanza kwa brashi ndogo, kisha uso mzima. Rangi ikikauka hujivuta na kuwa nyembamba kwenye kingo kali, na kutu huanzia hapo siku zote. Mikono miwili myembamba inashinda mmoja mzito. Ipoksi utaweza kuishika kesho yake, lakini hukomaa kabisa baada ya wiki moja hivi. Ukiweza kusubiri, subiri, hasa kabla ya kuigusisha na mafuta ya breki.

Sasa nije kwenye sehemu zisizopakwa, na hapa naomba usome taratibu. Ukitazama uso wa ndani wa bekpleti utaona sehemu bapa zilizoinuka kidogo, kwa kawaida sita, tatu kwa kila shuu. Ubavu wa shuu hutelezea juu yake kila unapokanyaga na kuachia breki. Rangi ikiwa hapo, joto na msuguano huigeuza kuwa ulimbo; shuu inakwama, hairudi, breki inabana na dramu inachemka. Zifunike kwa utepe wa karatasi wenye gundi kabla ya kupaka, au zikwangue baada ya rangi kukauka. Zipitishie kidole pia. Ukihisi mtaro, ujue shuu imeshachimba, na kila inaposhuka mtaroni huchelewa kutoka. Mtaro mdogo usawazishe kwa tupa. Mkubwa ujazwe kwa kuchomelewa na mtu mwenye mkono mwepesi, kisha tupa ifanye kazi. Hiki ndicho chanzo cha breki nyingi zinazopiga kelele huku mafundi wakizidi kubadilisha shuu.

Usipake rangi pale bekpleti inapokutana na ekseli, wala inapokaa wili silinda, wala chini ya vichwa vya bolti. Rangi iliyobanwa kati ya vyuma viwili hulainika na kukonda, na bolti iliyokazwa leo inalegea baada ya wiki. Uso wa ndani wa dramu haupakwi kitu chochote. Kwa nje dramu inaweza kupakwa, isipokuwa uso unaogusana na rimu, ambao uachwe msafi kwa sababu hiyohiyo ya kulegea.

Wakati wa kurudisha, zile sehemu sita zipate grisi ya breki inayovumilia joto, kiasi cha punje ya mchele kila moja. Grisi ya kawaida ya beringi haifai: ikipata moto inatiririka kwenye shuu, na mafuta yake huvimbisha mpira wa wili silinda. Vizibo vya mpira vya matundu ya nyuma virudishwe. Mara nyingi vimeshapotea zamani, na maji ya barabarani huingilia hapo. Vinapatikana kwenye maduka ya spea, au chomoa kwenye bekpleti ya mtumba. Ila usizibe kila upenyo kwa silikoni, maana maji yaliyoingia lazima yapate pa kutokea.

Kama ulifungua bomba, toa upepo kwenye breki mpaka pedali iwe ngumu, rekebisha shuu, jaribu hendibreki kwenye mwinuko, kisha endesha polepole mahali patupu kabla hujaingia Kilwa Road au Ali Hassan Mwinyi. Nati za tairi kwenye Toyota ndogo hukazwa kwa nyutoni mita 103. Baada ya kilomita 100 hivi zikague tena.

Watakuja watu na ushauri wa oili chafu. Ni desturi ya zamani kuipaka chini ya gari, na kwenye chesisi inasaidia kiasi fulani, pamoja na uchafu wake kwa ardhi. Kwenye breki ni hatari tupu. Oili ikipata joto hutambaa, ikifika kwenye shuu gurudumu hilo halishiki tena, na gari litavuta upande siku ya kufunga breki ya ghafla.

Anayenunua gari lililotumika naye ana lake la kutazama. Piga magoti, mulika kwa simu nyuma ya gurudumu la nyuma. Rangi nyeusi mbichi iliyopulizwa juu ya bekpleti, bomba, springi na mpira kwa pamoja, bila kitu kilichofunikwa, haikupakwa na mtu aliyetaka kukinga chuma. Kwaruza kidogo kwa ukucha au ufunguo. Magamba yakibanduka pamoja na rangi, punguza bei au ondoka.

Kwa bajaji za samaki, tandika turubai nene au trei chini ya mzigo na uweke mpira wa kupitishia maji utakaomwaga nyuma kabisa ya magurudumu. Kila jioni mwagia bekpleti maji baridi ya bomba au ya mvua kwa ndoo, bila presha. Mashine ya presha ikielekezwa nyuma ya dramu huingiza maji na mchanga ndani. Na chombo chochote kilichopita kwenye mafuriko, iwe Jangwani, kando ya Mto Kizinga au popote pale, dramu zake zifunguliwe mapema, ikiwezekana kesho yake, mchanga na tope vitolewe kabla havijakauka na kugandisha shuu.